MIEZI 5 YA KAZI, MIAKA 30 YA KIFUNGO

Kwa toleo hili la kumbukumbu, Kamati ya Jamii imetuomba sisi walimu tuandike somo la historia juu ya watu waliofanya kazi ya Mungu huku wakipingwa. Tumechagua habari za Simon Kimbangu na wafuasi wake, kwa kuwa ni historia ya Kongo wanakotoka wengi wetu, tena ni historia ya watu waliohamishwa kwa nguvu. Hatuandiki ili kumvuta mtu aache dhehebu lake au dini yake.

Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, magharibi mwa Kongo. Mwaka 1915 alibatizwa na wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza, kisha akawa katekista. Aliposikia wito wa kuhubiri, hakuupokea mara moja. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi, baadaye akarudi kijijini. Tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mwanamke mgonjwa, na watu wakashuhudia kwamba amepona. Tangu siku hiyo maelfu walimiminika Nkamba. Aliwafundisha waache hirizi na uchawi, waache kuoa wake wengi, wamwabudu Mungu mmoja.

Upinzani haukukawia. Wenye kampuni na mashamba walilalamika kwamba wafanyakazi wanaacha kazi na kwenda Nkamba. Baadhi ya viongozi wa misheni waliona waumini wao wanaondoka. Serikali ya Wabelgiji iliogopa kwamba mkusanyiko ule utageuka uasi. Mwezi Juni 1921 askari walitumwa kumkamata, lakini aliwaponyoka, akaendelea kufundisha kwa siri. Mwezi Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake akakamatwa, akiwakataza wafuasi wake wasipigane.

Mahakama ya kijeshi ilikaa Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa viboko 120, kisha kifo. Baadhi ya wamisionari wa Kiprotestanti walimwombea huruma, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Huko alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951.

Sasa tufanye hesabu, kama tunavyowafanyisha wanafunzi wetu. Toka Aprili hadi Septemba ni miezi 5. Toka 1921 hadi 1951 ni miaka 30. Mtu aliyehubiri miezi 5 na kufungwa miaka 30, kazi yake ingepaswa kufa. Kwa nini haikufa? Sisi tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni mke wake, Mwilu Marie. Mume alipochukuliwa, mama huyu alibaki na watoto watatu wa kiume, akichunguzwa na serikali. Aliwalea, akawatia moyo waumini, na ibada zikaendelea usiku, majumbani na porini. Jina lake halitajwi sana vitabuni, lakini bila yeye hakuna ambacho watoto wangerithi. Mdogo wao, Joseph Diangienda, ndiye aliyekuja kuliongoza kanisa.

Ya pili ni uhamisho wenyewe. Serikali iliwahamisha waumini wengi mbali na makwao, wengine wakapelekwa hadi kambi ya Lowa kando ya mto Lualaba, huku kwenye maeneo yanayosema Kiswahili. Nia ilikuwa kuuzima moto kwa kutawanya kuni. Lakini kila ukuni ulipoanguka uliwaka. Watu wa mikoa ambayo Kimbangu hakuikanyaga walilisikia neno lake kutoka kwa wahamishwa.

Ya tatu ni kukataa kulipa ubaya kwa ubaya. Marufuku ilidumu miaka 38, na kanisa hilo halikuunda jeshi. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ilelile iliyowafunga ililitambua rasmi. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba, na mwaka 1969 kanisa lake likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Mwilu Marie naye alifariki Aprili 1959, miezi michache kabla ya siku hiyo.

Hapa tuseme jambo moja kwa uwazi. Kupingwa peke yake si ushahidi kwamba kazi ni ya Mungu. Mtu akiulizwa hesabu ya sadaka, asijiite Kimbangu. Anayeuliza kwa haki si mpinzani, ni msaidizi.

Lakini kambini kwetu kuna kazi nyingi njema zinazopigwa vita kwa masengenyo na kwa kukatishana tamaa: kwaya, madrasa, shule ya Jumapili chini ya mti, kina mama wanaowatembelea wagonjwa, vijana wanaowajengea wazee nyumba za udongo. Na kuna adui mwingine anayetuumiza kuliko masengenyo. Kiongozi akirudi nyumbani, au akipelekwa nchi ya tatu, kazi yake inafungwa siku ileile. Daftari linapotea, ngoma zinagawanywa, watoto wanarudi kuzurura.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba kila mwenye kazi ajiulize: nikiondoka kesho, nani ataishika? Amfundishe mwingine mapema. Aandike majina na nyimbo katika daftari, aliache mikononi mwa Kamati. Tusidharau akina Mwilu Marie wetu, wanaofagia, wanaochota maji ya ibada, wanaokumbuka nani anaumwa. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapotafuta nguvu ya jamii hii, itafuteni pia kwa hao wasiosimama mbele.

Kazi ya Kimbangu ilimpita Kimbangu. Na zetu zitupite sisi.