Matokeo ya Mtihani na Jina la Shule

Neno mtihani limetoka katika Kiarabu, na hata leo mtu aliyepatwa na msiba huambiwa kwamba amepata mtihani. Matokeo ni neno la Kibantu, litokanalo na kutoka. Kufeli lilikuja na Waingereza. Lakini historia ya namna shule zilivyoyatumia matokeo yaonekana zaidi katika neno la nne, yaani kuchaguliwa.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru wa 1961 nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kilichongojewa kijijini kilikuwa orodha ya waliochaguliwa. Alama za waliobaki hazikuwa na kazi. Mwalimu Nyerere aliukosoa utaratibu huo katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, akitaka mitihani ipunguziwe ukuu wake. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria mwaka 1973, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za mwaka mzima zihesabiwe pamoja na mtihani. Hata hivyo ukuu wa mtihani haukupungua.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2013, kwa mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. (Jina lenyewe lastahili kuangaliwa: neno la mwisho wa kazi lilifanywa jina la kazi.) Shule zilipangwa kwa nafasi, katika nchi na katika wilaya, zikapewa rangi za kijani, njano na nyekundu. Hapo matokeo yakawa ya shule kabla ya kuwa ya mtoto. Cilliers, Mbiti na Zeitlin waliuchunguza mpango huo, na uchunguzi wao ukachapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama. Waliona pia kwamba shule zilipunguza watoto wa darasa la saba, ili wadhaifu wasifike kwenye mtihani.

Kata ya Endabash, wilayani Karatu, yaonyesha upungufu wa hesabu ya nafasi. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, na lugha yao ni ya Kikushi, yenye jinsi tatu za majina, wala haina ngeli za Kibantu. Mtoto wa shule ya serikali huko hujibu mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, sawasawa na mtoto wa Tanga aliyezaliwa nacho. Akikosea upatanisho wa kisarufi, kosa hilo lina asili yake nyumbani, wala si uvivu wake au wa mwalimu. Lakini jedwali la nafasi huyahesabu yote kuwa kitu kimoja.

Mnamo Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora, likieleza kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yaliyo sawa. Alama za kila shule ziliendelea kutolewa hadharani, hivyo kupanga nafasi kukabaki kazi ya yeyote mwenye kalamu.

Baraza hutoa pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya. Hizo ndizo zimfaazo mwalimu, ila zimeandikwa kwa nchi nzima. Mwalimu wa Endabash atakaye kujua kama wanafunzi wake walishindwa na hesabu, au na Kiswahili cha hesabu, hazioni karatasi zao. Zilichukuliwa, zikasahihishwa mbali, na kilichorudi shuleni ni herufi.