NASABA YA BABU ALIYEKUWA ASKARI



Juu ya kilima cha Nakasero, Kampala, Waingereza walijenga ngome. Askari wao wengi wa mwanzo nchini Uganda walikuwa Wasudani, mababu wa Wanubi wa leo. Walifikaje huko?

Vita vya Mahdi dhidi ya utawala wa Misri, vilivyoanza Sudan mwaka 1881, viliwakatia njia ya kurudi askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey, akawachukua pamoja na wake na watoto wao.

Anayemtafuta babu yake kati yao hukwama penye jina. Walikuwamo Wabari, Wadinka, Wamakaraka na wengine. Jeshini wengi wakaitwa kwa majina ya Kiislamu. Kwa hiyo tusiulize jina tu. Tuulize kabila lake la kuzaliwa, bibi alitoka wapi, na kila mtoto alizaliwa katika boma gani.

Jambo hili si la kujisifu. Katiba ya Uganda ya 1995 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926, na Wanubi wametajwa humo. Nasaba ni haki.

Nasi hapa kambini tunao wazee. Tuandike daftarini majina, vijiji na miaka wangali nasi.