Lami ikifika Kihurio, nani atalala?

Wadau, ukizungumza na mtu wa Kihurio kuhusu barabara, atakwambia neno moja: lami. Namwelewa. Historia iliwapita upande wa pili wa mlima. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita magharibi ya Upare. Barabara kuu ya lami nayo ikapita huko huko, Hedaru na Makanya. Kihurio wakabaki na vumbi, na usingizi wao.

Kelele za barabara hazikuanza na malori. Julius Caesar alizuia mikokoteni mingi kuingia Roma mchana. Matokeo yake ikapita usiku, na baadaye mshairi Juvenal akalalamika kuwa watu hawalali. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa Ulaya: usiku, kelele za magari zisizidi desibeli 45. Zikizidi huvuruga usingizi, na kelele za miaka mingi zinahusishwa na maradhi ya moyo.

Sisi kanuni za kelele tunazo tangu 2015. Sheria ya Barabara ya 2007 nayo ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Wengi tunaijua kwa alama za X na bomoabomoa tu. Lakini umbali ni kinga pia: ukiuongeza maradufu, kelele hupungua kwa desibeli 3 hivi. Ni kidogo, kwa hiyo mita 30 peke yake haitoshi.

Lami ije, tena haraka. Ila shule, zahanati na vyumba vya kulala tuvipange mbali nayo mapema, kabla X hazijachorwa. Mnasemaje?