Beshte wa Bendi Anakula Jasho Yako? Soma Hii Kabla Urudi Studio

Kila mtaa uko na huyu msee. Anaandika mistari, anapiga gita, anatoa korasi mpaka watoi wa ploti wanaiimba. Alafu kuna mwenzake ambaye kazi yake ni kujua watu. Huyo wa pili ndiye hupigiwa simu na mapromota, ndiye ako na pasiwadi ya YouTube, na ndiye hukuwa na doo. Wa kwanza anaomba fare.

Mchezo huanza poa. "Sisi ni familia, makaratasi ya nini?" Yeye ndiye analipia studio, na hapo ndipo ndoano iko. Ukiuliza hesabu unakumbushwa yale masaa mawili alikulipia. Ngoma ikitoka, jina la mtunzi ni moja tu, lake, na akaunti zote hadi ya Skiza ziko kwa simu yake. Ukilalamika unaambiwa bila yeye ungekuwa bado unaimbia kuku. Na vile umesota na landilodi anabisha, unanyamaza. Mimi niliwahi kuimbia msee korasi nikalipwa chipo na soda, so sicheki mtu.

Hata majuu hii kesi iko. Mwaka wa 1967 bendi ya Uingereza, Procol Harum, ilitoa A Whiter Shade of Pale. Ile sauti ya kinanda inayofungua ngoma ilikuwa ya Matthew Fisher. Watunzi walioandikwa? Gary Brooker na Keith Reid pekee. Brooker alishikilia kwamba ngoma ilikuwa tayari kabla Fisher ajiunge. Fisher alienda kortini 2005, miaka 38 baadaye, na 2006 jaji akampa asilimia 40 ya haki ya muziki. Rufaa ya 2008 ikamwachia jina lakini ikamnyima pesa kwa sababu alichelewa. 2009 House of Lords ikamrudishia, lakini ni kuanzia 2005. Ya miaka yote ya nyuma, hakuna kitu. Kimya kilimcost hivyo.

Huku Kenya, sheria ya hakimiliki ya 2001 haikulazimishi usajili ndio wimbo uwe wako. Ukishaurekodi ama kuuandika, haki iko. Watu huchanganya vitu viwili hapa: aliyelipia studio anaweza kuwa mwenye rekodi, lakini utunzi ni wa aliyetunga, labda awe alikuajiri ama alikuagizia hiyo kazi. Na kuhamisha hakimiliki lazima iwe kwa maandishi yenye sahihi yako. Ile "familia" ya kwa kibanda cha chai haihesabiki. So usisaini kitu hujasoma, hata kama ni saa nane usiku na produsa anataka kufunga.

Cha kufanya ni simple. Usiku ule ule ngoma inaisha, andikeni nani alifanya nini na asilimia ngapi, kila mtu atie sahihi, mpige picha. Usifute zile voisi za WhatsApp ulizotuma ukitafuta melodi, ziko na tarehe. KECOBO husajili kazi. Kwa mirabaha, kuna haki za watunzi, za waimbaji na wapigaji vyombo, na za maprodusa. Ukiwa umetunga na umeimba, jisajili kama mtunzi na kama mwimbaji, zote mbili, kwa jina lako na namba yako ya simu.