Injini za MV Liemba

Injini za MV Liemba ni mitambo iliyoiendesha kwa vipindi tofauti meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ambayo bandari yake ya nyumbani ni Kigoma, katika manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Meli ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ilisafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Iliendeshwa kwa mvuke: mvuke kutoka kwenye boila ulisukuma pistoni, nazo zikazungusha krenkishafti na rafadha mbili.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi, baada ya mafundi kupaka mitambo grisi nzito. Kinga hiyo ilifaa sana: Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli. Hizo nazo zilibadilishwa mwaka 1993.

Injini mpya katika meli ya zamani hudai vipimo makini. Krenkishafti lazima inyooke sawasawa na shafti ya rafadha. Ikipinda hata kidogo, mtetemo huongezeka, beringi huisha mapema na shafti yaweza kukatika. Uhai mrefu wa Liemba ni ushahidi wa thamani ya ufundi wa kutunza vya kale.