Monstera yenye mabaka meupe: tazama kifundo kabla ya kulipa

Monstera deliciosa hutambaa juu ya miti katika misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Wapenzi wa mimea ya ndani huitafuta zaidi ile yenye mabaka meupe, na bei yake ni ghali kwa sababu. Pale palipo peupe hapana klorofili, rangi inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula, hivyo hukua polepole. Huzalishwa kwa kukata shina, kwani mbegu haziaminiki kurithi mabaka.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa, tazama mambo mawili. Kwanza, kipande kiwe na kifundo cha shina. Jani na kikonyo chake pekee laweza kutoa mizizi, lakini halitachipua kamwe. Pili, kataa kipande cheupe tupu, hakitaweza kujilisha.

Ukishaupata, usimamishie mti uliofungwa makumbi ya nazi uparamie. Uweke karibu na dirisha, mbali na jua kali, na umwagilie udongo wa juu ukikauka. Utomvu wake huwasha mdomo na koo, basi watoto na paka wasiufikie.