Mshahara wa Mwalimu na Mkono Umlipao

Twapenda kuwakumbusha wazee na wanachama ya kuwa mshahara wa mwalimu katika Kenya haukupimwa kwa kazi yake tu, bali pia kwa mkono uliomlipa. Zamani za ukoloni waalimu waliajiriwa na misheni, na halmashauri za wilaya, au na Serikali yenyewe. Hivyo wawili wenye shahada moja waliweza kutofautiana kwa masharti ya kazi na malipo.

Ndipo tarehe 4 Desemba 1957 kilipoundwa chama cha KNUT, kikadai mwajiri mmoja kwa waalimu wote. Dai hilo lilitimia mwaka 1967, Tume ya Kuajiri Waalimu ilipoanzishwa kwa sheria ya Bunge.

Lakini mlipaji mmoja ana mfuko mmoja. Kwa wingi wa waalimu, nyongeza ndogo kwa mtu ni mzigo mkubwa kwa Hazina. Mwaka 1997, uchaguzi mkuu ukikaribia, waalimu waligoma, wakaahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa muda wa miaka mitano. Sehemu ya kwanza ililipwa. Ya pili Serikali ikaikataa, ikisema fedha hazitoshi. Mwaka 1998 waalimu waligoma tena, na watoto wetu wakakaa bila masomo.

Basi twajifunza ya kuwa umoja uliwapatia waalimu usawa, wala haukuujaza mfuko. Ahadi ni deni. Nasi tulipao kodi yatupasa kuuliza, kabla haijatolewa, italipwa kwa fedha gani.